Donge la Asiyekuwepo

Yaya Kapinga,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye kile kibao kifupi, mbele ya mbabula, jiko langu la makaa, nasubiri maji yachemke. Ukiniweka mezani na kalamu kama karani sitaandika hata neno. Mbabula yenyewe si ile yetu. Ile ilitoboka chini, tukaitia bati, ikatoboka tena, mwishowe jirani yetu Feli akaijaza udongo na kupanda vitunguu ndani yake. Unamjua Feli, hawezi kutupa kitu. Hii mpya inakula makala haraka mno, na mimi naigombeza kila siku kana kwamba ina masikio.

Ulikuwa unasema mimi nagombeza hata chumvi. Bado nagombeza, yaya, dada yangu mkubwa. Ila kuna jambo moja ambalo sikuwahi kuligombeza kwa sauti, na ndilo limenikalisha hapa na karatasi za daftari la mjukuu wangu. Nimelibeba tangu siku ile treni yenu ilipoondoka Kolwezi. Nitakuambia. Lakini niache kwanza nikupe habari za nyumbani, mimi sijui kuingia mahali bila kubisha hodi.

Mume wangu Kapend amefariki, misimu miwili ya mvua sasa. Kifua. Huenda mmeshaonana huko, na kama mmeonana mwambie koti lake la kazi nimempa fundi wa baiskeli, asije akanidai. Nyumba za kampuni ya shaba wameuziwa waliokuwa wanakaa ndani. Yako, ya tatu kutoka kwenye bomba, wanakaa watu wema tu, sina neno nao, isipokuwa wamemwaga saruji pale ulipopanda matembele yako. Bomba lenyewe halitoi maji tena, tunachota kwenye kisima cha uani kwa Feli. Malori ya migodini yanapita barabara ya juu kutwa nzima, na vumbi lake linatua kwenye lengalenga hadi tunayaosha mara tatu ndipo tupate mboga. Feli magoti yanamuuma. Mdomo haumuumi.

Bado tunapika pamoja. Si kila siku kama zamani, ila Jumamosi hatukosi. Nikisema zamani namaanisha ile miaka ambayo kampuni ilianza kuanguka, kwanza mashine moja moja, kisha mishahara, kisha poso. Watoto wa leo hawajui poso ni nini. Nikiwaambia kwamba mwisho wa mwezi kampuni iligawia kila nyumba unga, mafuta na samaki, wananiangalia kwa huruma kama mtu aliyeota. Siku unga ulipokosekana kabisa ghalani, wanawake wengine walikaa mlangoni na kulia. Wewe ulikuja kwangu na sufuria yako kubwa kichwani, ile iliyobonyea ubavuni, ukaitua chini bila salamu.

“Agnesi, tuko na mbabula tatu na makala ya moja,” ulisema. “Tutapika fasi moya.”

Hivyo tu. Mimi nilikuwa na muhogo mkavu, ndugu zangu wa Sandoa waliniletea kwa treni hadi hapa. Wewe ulikuwa na mahindi ya shamba ulilolima kando ya reli. Feli hakuwa na unga, lakini mumewe alijua mtu wa makala. Tukatwanga pamoja, tukaweka chungu kimoja uani kwangu, na Kapend akaona aibu siku mbili nzima, akila huku ameupa ujirani mgongo. Siku ya tatu aligeuka, maana bukari yako, ugali wako ule, ilikuwa nzuri.

Jinsi tulivyogombana juu ya bukari ile. Mimi nililelewa kwa bukari ya muhogo mtupu, laini, inayovutika. Feli, mtu wa kaskazini, alitaka iwe ngumu hata ukiirusha ukutani irudi. Wewe hukumsikiliza yeyote. Ulitia unga wa mahindi kwanza kwenye maji yanayochemka, ukauacha uchemke mpaka utoe harufu, ndipo ukatia wa muhogo na kusonga kwa mikono miwili, kikwembe kimekazwa kiunoni, jasho likikudondoka puani. Nilisema bukari ya mahindi ni ya kukandika nyumba. Ulinijibu: “Basi kula nyumba, mudogo.” Nikala, na nikaongeza.

Na samaki wetu. Ulikuwa unamnunua bitoyo mmoja, samaki wa chumvi, mkubwa wa kutosha kuonekana, ukamchemsha ndani ya sombe, majani yetu ya muhogo, mpaka yapate harufu, kisha ukamtoa mzima, ukamwanika juu ya bati, ili kesho arudi tena. Watoto wakiuliza kama leo kuna samaki, ulisema leo samaki anaoga tu, ataliwa Jumapili. Jumapili tulimla kweli, mgongo na kichwa na yote, na binti yako Ngalula alilamba vidole hadi nikaogopa atavimeza. Ukoko wa chungu tuliuloweka ukawa uji wa asubuhi. Maji ya majivu yaliilainisha sombe na kutupunguzia makala. Hatukutupa kitu. Sijawahi kula vibaya hivyo wala kucheka hivyo.

Tena ile sheria yako. Kabla ya yeyote kupakuliwa, ulilowesha kikombe, ukakata donge la kwanza kutoka katikati ya chungu, pale palipo pazuri, ukaliweka kwenye sahani ya bati yenye maua mekundu na kulifunika. Lilikuwa la yule asiyekuwepo. Kama Kapend yuko zamu, lake. Kama Feli amekwenda kutafuta makala, lake. Mimi, na ubahili wangu, niliuliza kwa nini anayetembea apate katikati na sisi tuliopika tupate pembeni.

“Ule haiko hapa hawezi kulalamika,” ulisema. “Sisi tuko hapa, tutalalamika vizuri.”

Kisha ikaja ile miaka ya kufukuzana. Sitaki kuieleza sana, uliiona kuliko mimi. Hotuba kwanza, halafu nyimbo, halafu vijana wenye fimbo wakipita nyumba kwa nyumba na kuuliza baba yako alitoka wapi. Baba yako aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, akafia kazini humuhumu, na wewe ulizaliwa katika hospitali ya Kolwezi, ukabatizwa Kolwezi, ukaolewa Kolwezi. Waliposema rudi kwenu, kwenu kulikuwa nyumba ya tatu kutoka kwenye bomba. Kanisani tuliimba benchi moja, na bado Jumapili ile baadhi ya watu walisogea mlipoketi. Mimi sikusogea. Naliandika hilo kwa sababu nitakayoandika baadaye hayanipendezi, na nataka walau moja liwe upande wangu.

Mlihamia stesheni na wengine wote, mkalala nje, chini ya mahema ya magunia, mkisubiri treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Mume wako Tata Mukendi, mtu wa ofisini, kola nyeupe, ameketi juu ya godoro lililokunjwa na mashine yako ya kushonea magotini. Ngalula alikuwa na miaka tisa. Siku ya kwanza mimi na Feli tulipika bila wewe, bukari ikatoka na mabuje ya unga mbichi, na Feli akalowesha kikombe, akakata donge la kwanza, akalifunika. Tukatazamana. Hatukuhitaji kuulizana ni la nani.

Tukapokezana, leo Feli, kesho mimi. Tulibeba sahani ndani ya besani, juu yake tukafunika kikwembe, tukatembea mpaka stesheni mchana, watu wakiwa wametulia kwa sababu ya jua. Donge la mtu mmoja mliligawana watu watano. Ulikuwa unanirudishia sahani imeoshwa. Sijui maji uliyatoa wapi, mahali pale watu walikuwa wanagombania maji ya kunywa, lakini hukunirudishia sahani chafu hata siku moja.

Sasa nafika, yaya.

Alhamisi ile ilikuwa zamu yangu. Nilipika mapema. Bukari ilitoka vizuri kuliko siku zote, na sombe ilikuwa na samaki, samaki wa kweli, si wa kuoga. Nilikata donge la katikati, nikafunika, nikashika njia. Pale kwenye bomba walisimama vijana wanne. Mmoja nilimjua, nilimbeba mgongoni akiwa mdogo mama yake alipougua. Alifunua kikwembe kwa ncha ya fimbo, akatazama, akafunika tena taratibu.

“Mama Agnesi, ule anabalisha batu ya Kasai, naye atapanda treni yabo,” alisema. Hakupiga kelele. Aliniita mama.

Angenitukana, ningempita. Nilipogeuka nyuma nilisema nitapita njia ya juu, nyuma ya kanisa. Niliifikiria njia ile hatua kwa hatua hadi nikafika mlangoni kwangu. Niliingia jikoni na besani mikononi. Nikawaza wanangu. Nikawaza Kapend, ambaye mamake alikuwa na damu ya mbali ya Kasai na hakuna aliyejua ila mimi. Hizo zilikuwa sababu, na zilikuwa za kweli, na wewe ungezielewa. Kama ningeishia hapo nisingekuandikia leo.

Lakini sikuishia hapo. Nilijua Feli atapita baadaye kuuliza habari zenu, na ataona sahani imejaa. Sikutaka ajue kwamba niliogopa, mimi mwenye mdomo, niliyemcheka yeye kwa woga wake. Nikafunga mlango, nikasimama katikati ya jiko, nikala donge lako. Lote. Sombe na samaki na kichwa cha samaki. Nilikula haraka, bila njaa, kisha nikaiosha sahani na kuiegemeza ukutani ikauke. Feli alipokuja aliitazama, akasema, “Aksanti, mwenzangu. Leo mi ningeogopa.” Nami nikaitikia.

Jioni ileile tukasikia kwamba treni imeondoka saa nane mchana.

Wiki zilipita kabla mtu mmoja wa reli hajatuletea habari. Kwamba homa na kuhara viliingia kwenye mabehewa. Kwamba treni ilisimama porini siku nyingi. Kwamba mke wa Mukendi alizikwa kando ya reli kabla ya kufika Mwene-Ditu. Feli alilia mpaka akatapika. Akaniambia kwa kunifariji kwamba angalau ulipanda treni umekula chakula cha moto kutoka mkononi mwangu. Nilimwacha aseme. Nimejiambia mara nyingi kwamba donge moja halizuii homa, na ni kweli. Ila halikuwa la kuzuia homa. Lilikuwa lako.

Tangu hapo ile sahani yenye maua nimeifungia kabatini. Tunapokata donge la asiyekuwepo, na bado tunalikata, mimi natumia sahani nyingine. Feli aliniuliza mara moja kwa nini. Nikamwambia imepasuka.

Sasa sikia. Ngalula amekuja.

Alikuja mwezi uliopita, amekuwa mwanamke mzima, mrefu kama Tata Mukendi, anatembea kama wewe, visigino kwanza. Ni mwalimu. Kuna kijana wa hapa Kolwezi anataka kumuoa, na wakubwa wa pande zote mbili wameshakubaliana, jambo ambalo zamani zile ungelisema ni ndoto ya mgonjwa. Aliuliza watu kambini mpaka wakamwonyesha mlango wangu. Feli alikuwepo, mabinti zangu walikuwepo. Alipiga goti, akashika mikono yangu miwili, akasema mbele ya wote:

“Mama Agnesi, mama alituachia maneno. Alisema ulituletea chakula mpaka siku ya mwisho. Hata ile siku ya treni, ulikuya.”

Nikadhani ulimwona mwanamke mwingine na besani katika msongamano ule, ukamdhania ni mimi. Nikawaza: amekufa akidanganyika, maskini, na mimi nafaidi. Kisha mtoto akaomba lile alilojia. Anataka siku ya ndoa nisimame nafasi yako. Nikae kwenye kiti cha mama, nimshike mkono, nimlishe donge la kwanza mbele ya wakwe. Feli akaanza kupiga vigelegele. Nikasema ndiyo, mwanangu. Ningesema nini kingine na wote wananitazama?

Wiki tatu sikulala vizuri. Nilijiuliza maswali ya mtu mnafiki: nikisema, nitamharibia mtoto furaha yake, nisiposema, namheshimu mama yake. Maneno mazuri. Lakini kila nikijiona kwenye kiti kile namlisha mwanao donge, nilionja samaki yule mdomoni. Ningeweza kukaa kwenye kiti chako, yaya. Kumlisha ndiko nisingeweza.

Jana nilimwita peke yake. Nikamwambia tupike bukari ya mama yako, nikuonyeshe. Nikatia mahindi kwanza, nikamwachia asonge muhogo. Anasonga vibaya, mtoto wa shule. Nilipoona mikono yake imeshika mwiko na hawezi kuondoka, nikamwambia. Kijana wa kwenye bomba, njia ya juu nisiyoipita, jiko, mlango uliofungwa. Nikamwambia nilikula hata kichwa. Nikamwambia atafute mwanamke mwingine wa kukaa kwenye kiti, na kwamba Feli anafaa.

Hakuacha kusonga. Ulimfundisha lini hilo? Alisonga mpaka bukari ikashikana, akateremsha chungu, akapangusa mikono. Kisha akasema, na ninaandika maneno yake kama alivyoyasema:

“Mi najua, mama. Ile siku mi ndo nilikuwa juu ya mizigo, mama alinituma nikuangarie. Niliangaria barabara tangu asubui. Haukukuya. Mama naye alijua haukukuya.”

Nikauliza, basi kwa nini.

“Mu treni, wakati alianza kugonjwa, alituita. Akasema, siku moya mutarudia Kolwezi. Mukifika, mwende kwa Agnesi. Mumwambie ya kama alikuya. Kama hamukusema vile, atapata haya, hatabafungulia mulango. Na nyinyi hamuna mulango mwingine kule.”

Yaya Kapinga, umewafanya watoto wako mwenyewe waseme uongo kwa ajili yangu. Umelala kwenye behewa, mwili unakuisha, na unakaa unapanga namna ya kunitoa mimi aibu. Nikamwambia Ngalula hakika mama yako alikuwa mtu mgumu kumzoea. Akacheka, kisha akaacha kucheka, akaniambia la mwisho, ambalo sikumwomba.

Mlikuwa mmebaki na ukoko, ule wa Jumatano, aliouleta Feli. Uliukausha juani na kuufunga kwenye kitambaa. Siku ya pili ya safari ulikifungua, na kabla ya kuwagawia watoto ulivunja kipande cha kwanza ukakiweka kando. Mtoto wako mdogo akalia, akasema wote tuko hapa, hicho cha nani. Ukasema cha Agnesi. Ukasema, haiko hapa, hawezi kulalamika.

Walikila baada ya kukuzika. Ngalula aliniomba radhi kwa hilo. Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi, yaya, mbele ya chungu changu.

Sijui kulia vizuri, unanijua, nalia kama mtu mwenye mafua. Nililia hivyo. Kisha nilikwenda kabatini nikaitoa ile sahani yenye maua. Leo asubuhi nimekwenda kwa Feli na sahani mkononi nikamwambia yote, nikiwa nimesimama mlangoni. Aliketi, akasugua magoti yake. Akasema kumbe haikupasuka. Hajanisamehe bado, ila ameniambia nikitoka nichukue makala, kwa sababu mbabula yangu inayala sana. Nitamsubiri. Ana haki ya kukaa na hasira yake kadiri apendavyo.

Ndoa ni Jumamosi. Nitakaa kwenye kiti chako, Ngalula amekataa kutafuta mwingine. Nitavaa kile kikwembe cha bluu ulichonishonea mkunjo kiunoni, ingawa mkunjo umelazimika kufunguliwa wote. Nitasonga bukari mwenyewe, mahindi kwanza, kisha muhogo, na Feli akisema ni laini nitamwambia ale nyumba.

Na hili nakuahidi, yaya. Kabla ya bibi arusi na bwana arusi na wakwe, nitalowesha kikombe, nitakata donge la katikati, nitaliweka kwenye sahani yako na kulifunika. Sherehe ikishachanganya, watu wakiwa wanacheza na jua bado liko juu, nitalitia kwenye besani. Nitapita pale kwenye bomba. Kule stesheni siku hizi hakosekani mtu anayesubiri treni na hajala, nitampa yeye, na nitakaa karibu naye mpaka amalize, kisha nitaomba maji niioshe sahani.

Pumzika sasa, dada yangu. Umengoja sana pale kando ya mizigo. Nimechelewa, lakini nakuja na njia ya bombani.

Mdogo wako,
Agnesi